Maji Juu ya Wino

Kwa jina la Mola ayajuaye yaliyoandikwa na yaliyofutika, twaanza. Na rehema Zake zimfikie Mtume wetu, na kila aliyeonewa.

Wa kutajwa kwanza ni Reuben, mtaalamu wa maji, mzaliwa wa Ronge, katika milima ya Wadawida. Kisha mkewe Wakesho. Kisha Josephat, mwana wao wa pekee, aliyekuwa akimalizia masomo huko huko milimani. Wa mwisho ni Katuku, Mkamba mwuza maharagwe wa Voi, aliyemficha Reuben ghalani mwake mwaka wa themanini na mbili.

Reuben alikuwa amepima visima vilivyo chini ya machimbo fulani, akakuta sumu. Wakubwa walimtaka aandike kwamba maji ni salama. Yeye akasimama barazani akawaonya wenyeji wasiyanywe. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kusakwa. Josephat alimsihi atie sahihi ili nyumba isalimike, na kwa ghadhabu baba akamwambia, “Wewe si mwanangu.” Wakaachana hivyo.

Ghalani alimwandikia barua baada ya barua, naye Katuku akizipeleka ndani ya magunia. Alimweleza jinsi sumu ile inavyoingia mifupani mwa watoto, akamwomba amtunze mama yake. Lakini lile neno hakuweza kuliondoa kwa kalamu. Kwa Wadawida, hasira ya mzazi humwandama mtoto mpaka mzazi ateme maji kwa kinywa chake na kunena heri. Huko ndiko kutasa. Reuben, msomi na mtu wa kanisa, aliwahi kulicheka jambo hilo.

Barua ya mwisho ilisema: “Ijumaa navuka Njukini niingie Tanzania. Usije kuniaga, njia inalindwa. Kaa na mama yako.” Alipokwisha kuiandika alipiga funda la maji, akaipulizia karatasi, akanena, “Hasira yangu na itoke. Mwanangu na awe mzima.”

“Daktari, hata dobi hutia sabuni,” Katuku alimtania.

“Ikauke tu. Ataitambua.”

Ikaanikwa juu ya gunia, ikakunjwa bila kusomwa tena.

Josephat aliitambua kweli. Aliyaona madoa, akajua ametaswa, akalia kwa furaha. Wino wa katikati ulikuwa umetawanyika. Yaliyosalia ni Ijumaa, Njukini, kuniaga, na mama yako. Akamwambia Wakesho kwamba wameitwa.

Ijumaa hiyo Reuben alikuwa amekwisha kuvuka, amejibanza katika mahindi ya ng'ambo, alipowaona wanakuja, na nyuma yao askari. Aliinuka ili arudi. Josephat akamwona, lakini askari, ambao macho yao yalikuwa kwa kijana, hawakumwona. Mmoja wao akamkaba kijana shingo, akamwuliza baba yake yuko wapi.

Kijana akapaza sauti ili ivuke mpaka.

“Sina baba. Alinikana mwenyewe.”

Reuben akaelewa kwamba anaambiwa aende. Alisimama kidogo, mahindi yakimfika kifuani, kisha akaenda.

Josephat alichukuliwa, wala hakurudishwa. Wakesho aliteremka kituo cha polisi cha Voi na chakula kila juma, naye kila juma aliambiwa kwamba jina hilo halijulikani pale.

Ewe Mola, mpe subira mama huyu abebaye sufuria isiyopokewa. Walinde wanaoteka maji katika visima vile, na uwahurumie wote waliosalia huku nyuma. Amina.