Kiswahili cha Marehemu Hosea

Yasinta alivishwa spika za masikioni, akaketi mbele ya kompyuta ya maktaba, mkoba kaukumbatia. Alikuwa ametoka Mwankoko na mkwewe, Lucy, baada ya kusikia kwamba simulizi za wazee zilizorekodiwa zamani sasa zimewekwa mtandaoni. Mumewe, Hosea, aliyefariki mwaka juzi, alikuwa mmoja wa wazee hao.

Mkutubi, kijana aliyeitwa Joshua, akabofya. Uso wa Yasinta ukalegea, kisha ukakunjamana.

"Huyu nani?"

"Mzee Hosea, mama. Jina lake hilo hapo."

"Sauti ni yake. Mbona anaongea Kiswahili?"

Lucy naye akasikiliza. Kweli alikuwa baba mkwe, na ule mkwaruzo wake wa kooni, akieleza namna ya kuhamisha nyuki kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha redioni. Enzi za uhai wake, hata kuagiza chumvi dukani kwa lugha hiyo kulimshinda.

Joshua akafafanua. Mzee alisimulia kwa Kinyaturu, mtu akatafsiri, halafu programu ikaiga sauti yake.

"Kwa hiyo haya ameyasema akiwa ameshakufa?"

Joshua akafungua rekodi ya awali. Hosea alisimulia kwa Kinyaturu, akakatisha katikati kuomba maji, na mwanamke akamjibu kwamba yeye hana mikono minne.

"Huyo ni mimi," Yasinta alisema, akajifuta macho.

"Basi tuifute ile ya Kiswahili, mama?"

Yasinta akamtazama Lucy, ambaye watoto wake walikulia Itigi na hawakujua Kinyaturu. Lucy akainamisha kichwa.

"Usiifute," Yasinta alisema. "Ila mtu awaambie wajukuu kwanza kwamba hakuongea hivi."

"Waambie wewe," Joshua akasema, akamsogezea maikrofoni.

"Mimi ni Yasinta, mke wake. Mtakayemsikia ni Hosea. Yaani si yeye. Maneno ni yake, ila hakuyasema hivi." Akaisukuma maikrofoni. "Nimekosea. Turudie."

Walirudia, na kila mara alikwama palepale. Mwishowe Joshua akaihifadhi ile ya kwanza, pamoja na kosa lake.

Walipotoka nje, Yasinta alimuuliza Lucy kama yule Hosea wa Kiswahili anamfahamu yeye, mkewe.

"Sijui, mama," Lucy alisema.