Goli la Basili

Kijiji kizima cha Kilema, kule mlimani, kiliijua sauti ya Basili. Mpira ukitangazwa redioni, wanaume waliacha majembe shambani wakamsikilize, na mgeni akipita aliambiwa, hata kama hajauliza, kwamba yule anayetangaza ni kijana wa kwetu, mama yake alizikwa pale juu karibu na mfereji.

Mwaka 1997, katika mechi kubwa, Basili alitangaza goli ambalo halikufungwa. Watu walishangilia, wakakumbatiana, kisha redio ikanyamaza na muziki ukapigwa. Alikuwa amelewa. Siku ya tatu gazeti moja kati ya yale mapya, yaliyokuwa yakiota siku hizo kama uyoga, likatoa picha yake amelala nje ya baa, kiatu kimoja mguuni, kingine hakijulikani kilipo.

Gazeti hilo lilipanda mlima mpaka kwa Kornelia. Alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, mpishi hodari wa mbege, ile pombe ya ndizi, na mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaa wao. Alilisoma kwa sauti mbele ya wanywaji wake, na alipofika kwenye kiatu alicheka mpaka akashika ubavu.

Mwezi haukuisha, Jumamosi moja mchana, Basili mwenyewe akaingia uani. Alikuwa amefukuzwa kazi, amerudi kwenye nyumba ya marehemu mama yake. Koti lilikuwa zuri ila lilimpwaya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Kabla hajakaa, Gidioni, fundi seremala mwenye mdomo mwepesi kuliko wote pale, alijaza kata ya mbege akainyanyua juu. "Tutangazie lile goli kwanza. Ukitangaza, hii ni yako."

Wengine wakayapigapiga mapaja yao kwa viganja. Basili aliitazama ile kata. Mkono uliiendea wenyewe, akaurudisha mfukoni. Kisha akafumba macho, akatangaza. Sauti ilikuwa ileile, nzito na tamu, ikipanda na mchezaji, ikipanda, mpaka goli. Watu wakaanguka kwa kicheko. Kornelia naye kicheko kilimfika kooni, na hapo ndipo alipoona machozi yakipita chini ya kope za yule mtu aliyefumba macho.

Alimwendea Gidioni, akaichukua kata mkononi mwake.

"Kwangu huyu hatangazi tena."

Basili akafumbua macho. "Hata wewe unanifukuza, mama?"

"Sikufukuzi. Twende jikoni."

Jikoni alimpa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Alikula vijiko vitatu, akapumzika, akala tena. Kornelia alikaa kwenye kigoda akichochea moto usiohitaji kuchochewa.

"Nina neno nikuambie," alisema mwishowe. "Gazeti lako nililisoma mimi, hapo nje. Nilicheka. Naomba unisamehe."

Basili aliweka bakuli chini. Watu wengi walikuwa wamemhubiria, lakini huyu alikuwa wa kwanza kumwomba msamaha.

"Unajua ilivyoanza?" akasema. "Kila baa niliyoingia, bia ilikuwa mezani kabla sijavuta kiti. Watu walinipenda, mama. Ningemkatalia nani? Baadaye ikawa bila kunywa sauti haitoki. Mke wangu Stella alivumilia miaka sita. Sasa yuko kwao Kahe na watoto."

Alhamisi jumuiya ilikutana nyumbani kwa Eliona, mwalimu mstaafu. Ulipofika wakati wa maombi, Eliona alisema, "Tumwombee ndugu yetu Basili, anayeiaibisha parokia yetu kwa ulevi."

"Ngoja kwanza, mwalimu," Kornelia alisema. "Kumwombea hivyo bila yeye kujua ni kumsengenya, ila tumepiga magoti."

Eliona alirekebisha miwani yake. "Na wewe unayeuza mbege, Kornelia? Unatufundisha nini?"

Lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. "Mbege ndiyo inayonilisha," alisema taratibu. "Lakini jikoni kwangu kuna njia nyingine ya kuingilia, isiyopita uani. Kesho nakwenda kumuuliza Basili anataka tumsaidieje. Anayetaka tufuatane, aje."

Asubuhi alimkuta Eliona amekwisha fika njiani, ameshika chupa ya chai.

Walimkuta Basili sakafuni, jasho linamtoka, anazungumza na mama yake aliyekufa. Hakuwa amegusa pombe tangu Jumamosi ile. Wakamchukua hospitali ya misheni, na daktari akasema walifanya vema kutochelewa, mtu kama huyo akiacha ghafla anaweza kufa. Alilazwa majuma mawili. Wanajumuiya walipeana zamu ya kupeleka uji, na Eliona, ambaye alikuwa na zamu moja, alikwenda mara tano.

Akiwa bado amelazwa, mwandishi wa habari alifika uani kwa Kornelia na kamera shingoni. Alisema amesikia yule mtangazaji anatangazia watu ili apewe mbege, na kwamba atakayemwonyesha alipo atapewa chochote kitu. Kornelia aliwatazama wanywaji wake. Walimjua mtu wao na walijua alipo.

Gidioni alipangusa povu mdomoni. "Hapa kila mtu anatangaza akilewa," alisema. "Mpige picha huyu Tito. Jana alitangaza ndoa."

Mwandishi alishuka mlima bila picha. Jioni ile Gidioni alimwachia Kornelia mkungu wa ndizi, akasema ni za mgonjwa, asiseme zimetoka kwa nani.

Redioni Basili hakurudi. Alipalilia kihamba, shamba la migomba la mama yake, akapogoa kahawa iliyosahauliwa. Siku ya pili ya Pasaka alianguka, akanywa mpaka akapotea siku mbili. Kornelia alimkuta kando ya mto, akamwosha uso kama mtoto, wala hakumsema. Wakaanza tena.

Basili alimwandikia Stella barua, na mwezi wa saba akajibu. Yeye hatarudi, aliandika, bado. Lakini binti yao Evelyn anaweza kuja likizo.

Basili alimwomba Kornelia amsindikize kituoni. Alikuwa amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi mno. Evelyn alishuka, ana miaka tisa, amekumbatia mfuko wa mchele wa Kahe. Akamtazama baba yake kwa uangalifu, kama mtu anayesoma.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu." Akainama kuupokea mfuko, lakini mtoto hakuuachia. Basi wakaubeba pamoja, kila mmoja na upande wake, wakapanda njia ya migombani polepole. Kornelia alisimama kidogo kufunga vizuri kitenge chake, ili watangulie.