Walinililia Bila Mimi

"Inua mkono, uuweke nyuma ya kichwa," daktari aliniambia. Nikalala pale nusu uchi, kwapa nje, dada yangu mkubwa akiwa amesimama kichwani pangu na mkoba wangu. Daktari akanipaka ute wa baridi, akapitisha kifaa chake huku akikodolea skrini macho.

"Tezi hii imevimba. Nitaichoma kwa sindano nyembamba, ninyonye chembe kidogo, tujue kama saratani ya titi imefika huku kwapani."

"Saratani ya nani?"

Daktari akamtazama dada. Dada akatazama sakafu.

Yeye ndiye aliyenifuatia majibu ya titi, maana mimi fundi cherehani nilikuwa nimebanwa na sare za shule. Alirudi na meno yote nje: uvimbe wa kawaida tu, mdogo wangu. Nikamshonea gauni kwa furaha. Akalivaa, akajizungusha mbele ya kioo!

"Nilidhani umeshaelezwa," daktari alisema taratibu.

"Tuliogopa utakata tamaa," dada akadakia.

"Tuliogopa, wewe na nani?"

"Na mumeo. Na mama. Tulikutana kwa mama. Tulilia mpaka sauti zikatukauka."

Saratani ilinitisha, sikatai. Lakini kilichonikata maini ni kile kikao chao. Mume wangu aliketi pale akafuta machozi, kisha akarudi nyumbani akiniuliza tunakula nini. Walinifanyia msiba nikiwa hai, na mwenye msiba hawakumwalika.

"Toka nje, dada."

"Mdogo wangu, sindano inauma. Acha nikae nawe."

"Nimesema toka."

Akaweka mkoba kitini, akatoka. Daktari akanipa muda, kisha akauliza kama aendelee. Nikamwambia aendelee. Sindano iliingia, ikachezacheza ndani, ikatoka. Akairudia mara nyingine. Akamwaga tone kwenye kipande cha kioo, akalitandaza vizuri, kwa utulivu wa mtu anayepaka siagi. Muuguzi akanibandika pamba.

"Majibu yakitoka," daktari akauliza, "nimpigie nani?"

"Mimi."

Akaandika namba yangu. Nikajaribu kufunga vifungo vya blauzi, kazi ninayoifanya hata nikiwa nimefumba macho, vidole vikakataa. Hapo ndipo nami nilipolia, wa mwisho katika familia nzima.