Jina la Nani Hapo Chini

Fundi alikuwa na pini mdomoni na gauni la watu mezani, mdogo wake wa kiume akaingia dukani mbio kama anafukuzwa na nyuki.

"Dada! Nimepata mtu! Tena si mtu, ni mtu na nusu!"

Fundi hakujibu, maana ukiwa na pini mdomoni hujibu ovyo. Akachomeka ya mwisho kwenye pindo, ndipo akamtazama. "Mtu wa nini tena? Yule wa jenereta ulimsifia hivyohivyo."

"Mhasibu! Wa mambo ya kodi! Wanamwita Mtaalamu. Anapigiwa simu mpaka simu inachemka, dada, nimeishika mwenyewe!"

Sasa hapo lazima mjue kilichomtia mdogo mtu wazimu. Hoteli kubwa ng'ambo ya barabara ilikuwa imemchagua Fundi ashone sare za wafanyakazi wake wote, kuanzia mapokezi mpaka jikoni. Kazi ya mwaka mzima, jamani! Kazi ya kumtoa mtu kwenye kichumba cha vyerehani viwili na kumpeleka kwenye duka la vioo. Ila afisa manunuzi wa hoteli aliweka sharti moja: cheti cha kodi, mwisho Ijumaa, la sivyo kazi inakwenda kwa mwingine. Na cheti hakitoki mpaka ritani, ile fomu ya mapato na kodi ya mwaka uliopita, iwe imeshajazwa. Ya Fundi ilikuwa haijajazwa. Miaka yote alijaziwa na jirani, mwalimu mstaafu, na huyo alishahamia kwa wanawe, mbali huko.

Kwani Fundi aliogopa? Wapi! Mwanamke huyu aliwahi kumaliza suti ya bwana harusi huku bwana harusi mwenyewe anasubiri pembeni kajifunga taulo. Karatasi za kodi zingemtisha nini?

"Mlete," akasema. "Nimpime."

Mtaalamu akaja jioni ileile. Shati lake zuri, Fundi alikiri moyoni, mabega yamekaa penyewe kabisa. Fundi akamwekea mbele kiroba chake cha risiti. Yeye ana utaratibu wake: kila akinunua kitambaa anakata kipande kidogo, anakibana na risiti yake kwa pini, anatupia kirobani. Akitaka kujua hela ilikwenda wapi, anaingiza mkono anapapasa: hii hariri, hii kaki ya shule, hii ile iliyochuja rangi ikamtia aibu.

Mtaalamu hata hakukifungua. "Mama, haya makorokoro ya nini? Wewe niambie tu unataka kulipa kodi kiasi gani."

"Kwani mtu anachagua?"

"Kwa wengine hachagui. Kwangu anachagua! Nitakupunguzia mpaka ushangae. Na cheti kesho kutwa unacho mkononi."

"Umesikia?" mdogo wake akadakia. "Kesho kutwa!"

Fundi akavuta kiti. "Sikiliza, baba. Kwetu huku kupunguza kuna namna mbili. Kuna kukata: kilichozidi kinaondoka, kwisha. Na kuna kukunja: unakificha ndani, unapitisha uzi, kwa nje nguo inapendeza, ila mtu akiigeuza tu anaona kila kitu. Wewe unapunguza kwa kipi?"

"Kukata, mama!" Mtaalamu hakupepesa hata jicho. "Kukata safi!"

Mdogo wake akapiga makofi. Fundi akabaki ameduwaa kidogo. Swali alilodhani ni mtego, mwenzake kalivuka kama kizingiti cha mlango. Kumbe mtu wa maneno humkamati kwa maneno. Basi akamuuliza kile anachomuuliza fundi yeyote anayekuja kuomba kazi kwake.

"Na ukimaliza, jina lako unaweka wapi?"

"Jina langu?"

"Ehe. Mimi nguo yangu ina lebo shingoni. Ikichanika, mwenyewe anajua pa kuja kunitukania."

Mtaalamu akacheka, akajifuta paji la uso. "Aa, mama, mimi si mtu wa kujionyesha. Pale palipoandikwa mtayarishaji, unaandika la kwako. Wakikuuliza, sema umejaza mwenyewe."

"Kwa hiyo umeshona wewe, ikichanika nimeshona mimi."

"Haitachanika."

"Sijakuuliza kama itachanika."

Mtaalamu akamtazama mdogo mtu, mdogo mtu akatazama dari. Kisha akasimama, akanyoosha lile shati lake zuri. "Utanitafuta, mama. Alhamisi utanitafuta mwenyewe."

"Nenda salama, baba. Shati limekupendeza."

Alipotoka tu, mdogo mtu akalipuka. "Dada, unamfukuza mtu kwa sababu ya jina? Jina! Hoteli itatuponyoka hivihivi tunaangalia!"

"Haiponyoki," Fundi akasema, na simu ilishafika sikioni.

Alimpigia muuza vitambaa wake. Hakumuuliza mhasibu mzuri ni nani, maana kila mtu wa kwake ndiye mzuri. Alimuuliza hivi: "Siku ile ulipoitwa ofisi ya kodi, nani alikwenda na wewe?"

"Mhasibu wangu. Yule mama wa juu ya duka la spea. Alikaa na mimi mpaka mwisho, tena yeye ndiye aliyeongea, mimi nilikuwa natetemeka tu."

"Nipe namba yake."

Kesho yake asubuhi dada na mdogo wake wakapanda ngazi za duka la spea, kiroba begani kwa mdogo mtu, na uso kaukunja. Ofisi yenyewe ndogo, leseni imetundikwa ukutani, feni inapiga kelele kama ina madai. Mhasibu alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Alianza kwa kutaja bei.

"Bei yangu inakwenda na ukubwa wa kazi. Haiendi na kodi itakayopungua, ili nisije nikashawishika. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Akamimina kiroba chote mezani, akatia mkono, akaurudisha haraka. "Aisee, fundi! Risiti zako zinang'ata!"

Fundi akacheka mpaka akakohoa. Wakaanza. Mhasibu anachomoa risiti, anaangalia kitambaa, anauliza. Anachomoa nyingine, anauliza tena. Mama huyu aliuliza, jamani! Mdogo mtu akaanza kusinzia. Mpaka alipofika kwenye satini ya zambarau.

"Hii ulimshonea nani?"

"Bi harusi mmoja, mzuri huyo! Kitambaa alikuja nacho mwenyewe."

"Na risiti?"

"Ilikuwa humohumo kwenye mfuko."

Mhasibu akavaa miwani. "Kwa hiyo kitambaa chake, hela yake, risiti umebana wewe."

Fundi hakuwa mwizi. Ni mkono tu! Mkono wake ukikuta kitambaa na risiti pamoja, unakwenda kwenye pini wenyewe, haumuulizi mtu. Akaanza kupapasa lile lundo. Lesi nyeupe, ya mteja. Pamba ya maua, ya mteja. Ile nzito ya koti, ya mteja, tena yule msumbufu. Akazisogeza pembeni moja moja, masikio yanamwaka moto.

"Hizi si gharama zako," Mhasibu akasema, wala hakugomba. "Tukizitoa, kodi inapanda."

Usingizi ukamtoka mdogo mtu palepale. "Inapanda? Dada, tunamlipa mtu atupandishie?"

"Kaka, sipandishi. Natoa kisicho chenu." Akamgeukia Fundi. "Ila na chenu mbona sikioni? Sindano? Mafuta ya cherehani? Umeme? Yule fundi wa kutengeneza mashine?"

"Na hivyo vinaingia?"

"Vya kazi vyote vinaingia, mradi uwe na ushahidi."

Basi vyenye ushahidi vikaingia, na kodi ikashuka kidogo. Haikushuka ikafika alipotaka Fundi. Ilimuuma, tusidanganyane. Na bado kulikuwa na Ijumaa.

"Ritani itakuwa imepokelewa Ijumaa, hiyo naahidi," Mhasibu akasema. "Cheti siahidi. Kinatolewa na wenye ofisi yao."

Mdogo mtu akamvuta dada yake mkono hadi mlangoni, akanong'ona kwa sauti ambayo hata feni haikuifunika. "Mtaalamu alisema kesho kutwa! Nimpigie? Dada, nimpigie?"

Fundi akatazama lile lundo la pembeni, satini ya zambarau juu yake. Akawaza siku mtu wa kodi akilishika, amuulize hii satini ni ya nani, na yeye yuko peke yake kwenye kile kiti. Akarudi mezani.

"Na hapo chini, jina la nani?"

Mhasibu akashangaa, kama mtu aliyeulizwa kama huwa anavaa viatu akitoka nje. "Langu. Na namba ya leseni. Ungetaka liwe la nani?"

Fundi akatoa simu, akampigia afisa manunuzi wa hoteli, akaweka spika.

"Bosi, ni fundi wako wa sare." Wako! Tayari!

"Cheti umeshapata?"

"Ijumaa nakuletea ritani iliyopokelewa. Cheti kitafuata."

"Fundi, tulisema cheti."

"Tulisema, bosi. Ndiyo maana nakwambia leo, nisikukimbie Ijumaa."

Mdogo mtu kashika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Nani amekujazia?" afisa akauliza.

Mhasibu akasogea kwenye simu, akajitaja, jina kamili na namba ya leseni, polepole, ili anayeandika aandike. Upande wa pili ukasikika mkwaruzo wa kalamu.

"Sawa. Ijumaa nataka na barua ya huyo mhasibu, yenye jina hilo na muhuri. Nikiwa nayo, naweza kushikilia faili wiki moja. Zaidi ya hapo wakubwa watanimeza."

Fundi akamtazama Mhasibu. Mhasibu akasema, "Kwa kawaida wiki inatosha. Nimesema kwa kawaida."

"Inatosha, bosi," Fundi akasema kwenye simu. "Na kupima nianze lini? Wiki nzima siwezi kukaa nakuna kichwa."

Afisa akacheka, kicheko cha mtu ambaye hakupanga kucheka. "Njoo kesho uanze na wapishi. Wale ndio watakusumbua, wamenenepa wote."

Simu ikakatwa. Fundi akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa bado kashika kichwa.

"Shusha mikono. Umsaidie mama kutoa pini, halafu upite dukani utafute futi ya kupimia. Ile ndefu."