Duara Katika Sahani

Mume wangu Zedekiah hakuamini kitu mpaka akione. Alikuwa fundi wa mawe, na hata ukuta ulionyooka aliupima kwa timazi. Mwaka wa sabini na tatu alikanyaga msumari kwenye jengo la ghorofa mjini, mguu ukaanza kuoza. Daktari akasema ukatwe Ijumaa. Zedekiah akakataa. Mama yake alikuwa ameleta magome ya mti wa dawa kutoka Kimilili, na fundi wa mguu mmoja angepanda jukwaa gani?

"Mama Nanyama," akaniambia, "huko kazini kwenu si wanapima dawa za miti? Wapime hii. Ikishindwa, nitakatwa."

Nilikuwa naosha vyombo vya kioo katika maabara moja karibu na Westlands. Nikampa magome Bwana Muthama, mpimaji. Akayaloweka kwenye spiriti, akachovya kikaratasi, akakiweka juu ya sahani iliyopandwa vijidudu vya usaha. Kesho yake vijidudu vilikuwa vimetanda kama utando wa maziwa, isipokuwa kando ya kikaratasi. Pale palikuwa na duara safi. Muthama alifurahi kuliko mimi. Akaifunga sahani kwa plasta, akaipeleka wodini mwenyewe.

Zedekiah akaitazama, akatia sahihi kwamba amekataa kukatwa, akarudi nyumbani Kangemi. Mama mkwe akaanza kumkanda kwa magome.

Jumatatu mkubwa wa Muthama alirudi safarini, akauliza, "Kikaratasi cha spiriti tupu kiko wapi?"

Hakikuwapo. Kikawekwa, na kesho yake nacho kilikuwa na duara, sawasawa na lile la kwanza. Muthama hakungoja vikaratasi vikauke. Spiriti ndiyo iliyozuia vijidudu. Magome hayakufanya chochote. Haraka haraka haina baraka, hata mtoto anajua. Nilimchukia siku ile, na namchukia hata sasa.

Nikakimbia nyumbani. Harufu ilinipokea mlangoni.

"Baba Nanyama, turudi hospitali. Hilo duara lilikuwa la spiriti tu."

"Wamekutuma?" Mwili wake ulikuwa moto. "Mimi niliona na macho yangu. Lete sahani."

Ilikuwa dirishani, alipoiweka ili aione akiwa amelala. Nikaiinua kwenye mwanga. Hapakuwa na duara tena. Spiriti ilikuwa imekwisha nguvu, na vijidudu vilikuwa vimejaa mpaka ukingoni mwa kikaratasi.

Zedekiah akaipokea, akaupima utando kwa kidole juu ya kioo. Mama yake akaacha kukanda.

"Haya," Zedekiah akasema. "Wakate."

Jirani yetu Haron akatupeleka kwa pikapu yake. Daktari akafunua shuka. Weusi ulikuwa umepita goti, umepita paja, umeingia kiunoni. Nikamwomba. Nikamwambia mume wangu amekubali sasa, amekubali mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu.

"Mama," daktari akasema polepole, "nikate wapi?"