Mvuvi Nyumbani Wakati wa Giza

Mimi si mtu wa kulia ovyo. Siku mama mkwe wangu alipokuja kwetu Manyatta kutoka Pap Onditi na mzizi ndani ya mfuko wa karatasi, sikulia. Nilikasirika. Aliuweka mezani, akaketi, akaniita kwa jina la kwetu nilikozaliwa, Seme.

"Nyar Seme, chemsha hii unywe. Miaka tatu bila mtoto ni mingi. Ikifika Krismasi bado, natafutia Absalom msichana mwingine. Nishamwona tayari."

Alisema hivyo huku akila omena wangu, wale dagaa wa ziwani ninaouza, kisha akaomba aongezewe.

Mzizi ulikuwa wa kutibu kichomi. Kila mwezi, kwa siku moja au mbili, upande mmoja chini ya tumbo hunichoma, mara kulia, mara kushoto, hata kubeba karai la omena pale sokoni Otonglo hunishinda. Mama mkwe alikuwa ameamua kwamba ugonjwa huo ndio unaomnyima wajukuu. Kusema kweli nami nilikuwa nimeanza kuamini, na hilo lilinitia hofu kuliko huyo msichana wake.

Kesho yake nikafunga kibanda, nikaenda kliniki. Nesi aliitwa Zeituni, mwanamke wa mjini, hijabu safi na maswali yasiyo na haya.

"Kabla ya maumivu, unaona ute?"

"Naona. Unateleza, unavutika kama ute wa yai bichi."

"Matiti?"

"Yanauma hata blauzi ikiyagusa."

"Homa? Kutapika? Damu katikati ya mwezi?"

"Hakuna."

Akanipima, akanibonyeza tumbo huku na huku, kisha akatabasamu.

"Dada, wewe huna ugonjwa. Hiyo ni yai linatoka. Ute ukianza kuvutika, hapo ndipo pa kumwita mzee. Usingoje kichomi, maana yai likitoka halikai hata siku mbili. Kichomi kikija, weka chupa ya maji moto juu ya tumbo, pumzika, ukishindwa meza panado. Kikizidi ama upate homa, kuja mbio."

"Na mzizi?"

"Sijui ni wa nini, kwa hivyo usinywe. Sasa nipe tarehe zako."

Sikuwa na tarehe hata moja. Lakini muuza omena yeyote anaujua mwezi bila kutazama juu. Mwezi usipoonekana, wavuvi kama Absalom wangu hukaa kisiwani Mfangano, kwa sababu omena hufuata taa za mashua gizani. Mwezi ukijaa taa hazina kazi, omena huadimika sokoni, na wavuvi hurudi kwa wake zao. Basi nikamweleza Zeituni kwa njia hiyo: kichomi huja wakati kibanda changu kimejaa omena, na damu huja wakati kibanda ni kitupu.

Nilipomaliza kusema ndipo nikaelewa mwenyewe. Kibanda kikijaa, Absalom yuko kisiwani. Kikiwa kitupu, Absalom yuko nyumbani na mimi niko kwenye siku zangu. Miaka mitatu mizima tumekuwa tukipishana mlangoni!

Zeituni alicheka mpaka akajifuta macho. "Usilaumu mwezi. Siku zako zimeangukia hapo tu, za wengine huhama. Jaribuni miezi kadhaa. Ikikataa, mzee naye aje apimwe."

Nilimpigia Absalom nikiwa bado kwenye ngazi za kliniki, nikamweleza yote.

"Aoko, giza ndio hii inaanza! Nitaambia mwenye mashua nini?"

"Mwambie mke wako anakuita. Ama mama yako akuletee huyo mwingine, naye umwache peke yake kila giza."

"Nakuja," akasema.

Alifika asubuhi ya pili na begi lake mgongoni, na mtaa mzima ukamwona. Kwetu mvuvi haachi ziwa wakati wa giza isipokuwa kuna msiba. Hata chai haijachemka, jirani yangu Terry alikuwa mlangoni na kilo ya sukari ya rambirambi, mkono kichwani.

"Uwi! Ng'a motho? Nani amekufa?"

Absalom, mtu mzima na ndevu zake, akashika shavu. "Hakuna aliyekufa, jirani. Ni jino tu."

Nikaipokea sukari. Jino hilo lilimuuma tena giza lililofuata.

Krismasi mama mkwe alipokuja, nilimrudishia mzizi wake ndani ya mfuko ule ule, mkavu kama alivyouleta. Akautazama, akanitazama mimi, akaona jinsi nilivyosukuma kando bakuli la omena kwa sababu ya harufu. Ndipo nikamweleza yote, pamoja na habari ya jino. Hakusema pole. Lakini siku hiyo sufuria zangu aliziosha yeye, na jina la yule msichana sijalisikia tena.

Mtoto wetu alizaliwa miezi tisa baada ya giza hilo la pili, na siku hiyo nayo ilikuwa ya giza. Absalom aliacha nyavu akaja mbio. Niliporudi nyumbani kutoka hospitali, majirani walikuwa wameshajaa uani, Terry mbele na sukari yake, wakiulizana nani amekufa tena kwa huyu mvuvi.

Mama mkwe, aliyekuja kunipokea, akamchukua mjukuu mikononi mwangu, akamwinua wote wamwone.

"Hakuna mtu amekufa," akasema. "Jino lake ndio hili."

Hapo ndipo nililia, na sikuona haya.