Paredi ya Akina Mama wa Mwani

Mwalimu Theonest, mtu wa Bukoba, alikuwa na mwaka wa pili akisomesha Kiingereza Micheweni. Kikundi cha akina mama wakulima wa mwani kilipotakiwa kupita mbele ya mgeni rasmi Siku ya Wanawake, wakamfuata awafunze paredi, maana alipitia mafunzo ya kijeshi ya JKT.

"Kwanza tuambie," alisema Bi Mwatum, mwenyekiti wao, "hilo neno lenyewe lina maana gani? Hatufanyi jambo tusilolijua."

Theonest angejibu "gwaride" tu, angenusurika. Lakini ukitaka kumpata mwalimu huyu, muulize asili ya neno. Akaeleza kwa raha: Waingereza wamelitwaa kwa Wafaransa, ambao kwao ni maonyesho, kutokana na kitenzi cha kujiandaa na kujipamba. Wahispania nao wana ndugu yake, maana yake kusimama.

"Kusimama?"

"Ndiyo, Bi Mwatum. Kumsimamisha farasi."

"Ahsante, mwalimu wangu. Tumefahamu."

Siku yenyewe ilikuwa waondoke saa tatu. Saa nne bado wanapakana wanja na kutiana asumini. Theonest, koti limemlowa jasho, akagonga mlango.

"Tunajiandaa!" alijibiwa kutoka ndani. "Si ndiyo Kifaransa?"

Wakatoka mtaa mzima unanukia. Hatua ishirini tu, Bi Mwatum akasimama kumwamkia Mzee Jecha barazani kwake, na wanawake wote ishirini na wawili wakasimama nyuma yake. Mbele kidogo wakasimama kumpa hongera mzazi aliyejifungua juzi.

"Kushoto, kulia, jamani!" Theonest alisihi.

"Hapa tuko Hispania, mwalimu," alisema Asya, mdogo wao kuliko wote, bila kucheka.

Walipofika uwanjani, mgeni rasmi keshaondoka. Vijana walikuwa wanapanga viti juu ya viti. Theonest alikaa chini ya turubai, uso umemshuka. Mwezi mzima wa mazoezi!

Bi Mwatum akamtazama. Kisha akachukua kiti kimoja, akakipandisha jukwaani.

"Panda, baba. Ukae."

"Mimi?"

"Nani mwingine katufunza?"

Akapanda. Wakajipanga mbali, wakaja: mistari imenyooka, mikono sawa, kushoto, kulia, hakuna aliyekosea hatua. Vijana wakaacha viti. Theonest alinyanyuka, akapiga saluti, na hakuushusha mkono mpaka Asya, wa mwisho, alipopita.